Kura Tatu za Mwaka 1958: Tunachojifunza kwa Jimbo Letu la Zamani

Mwaka wa uchaguzi ukifika, hapa Ikolo maneno huanza mapema. Huanzia ufukweni wakati nyavu zinavutwa, yakapita sokoni, na mwisho yakafika kanisani, watu wakiwa wamesimama chini ya miembe baada ya ibada. Swali tunaloulizana mara nyingi ni moja tu: "Huyu ametuletea nini?" Nasi wenyewe tumeliuliza, tena zaidi ya mara moja.

Katika makala hii tunataka kuwarudisha washarika wenzetu nyuma, mpaka Septemba 1958, watu wa pwani hii ya Ziwa Nyasa walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Jimbo walilopigia kura halipo tena, na ramani za leo haziliandiki. Lakini tunaamini kwamba Mungu hufundisha watu wake kwa mambo yaliyopita, kama alivyowaagiza Waisraeli kuwasimulia watoto wao habari za kutoka Misri. Nasi tunasimulia kwa nia hiyohiyo.

Jimbo lenyewe

Wakati ule hapakuwa na Wilaya ya Kyela. Tambarare yetu yote, kuanzia Mto Songwe hadi Matema, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, na boma lilikuwa Tukuyu, juu milimani. Kyela ilikuja kuwa wilaya peke yake katika miaka ya mwanzo ya 1970. Rungwe nayo ilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini, pamoja na Mbeya, Chunya, Njombe na Iringa. Neno "jimbo" siku zile lilikuwa na maana ya eneo la utawala, kubwa kuliko mkoa wa sasa. Waingereza walipoamua kufanya uchaguzi, kila jimbo la utawala walilifanya pia kuwa jimbo la uchaguzi. Kwa hiyo mpiga kura wa Ikolo, aliyezoea mpunga na samaki, alikuwa jimbo moja na mtu wa Iringa ambaye hajawahi kuliona ziwa.

Tusidhani kwamba kabla ya Waingereza watu wetu hawakujua kuchagua viongozi. Wanyakyusa walikuwa na desturi ya ubusoka, siku ambayo kizazi cha wazee kilikabidhi nchi kwa kizazi cha vijana. Umalafyale ulikwenda kwa wana wa malafyale, lakini amafumu, yaani viongozi wa vijiji, walichaguliwa miongoni mwa watu wa kawaida. Mtu hakuwa fumu kwa sababu baba yake alikuwa fumu. Alitazamwa kwanza: anaonaje, anasema nini, je, anaweza kumwambia malafyale ukweli. Injili ilipofika mwaka 1891, kwa wamisionari wa Moravian na wa Berlin, iliwakuta watu wanaojua tofauti ya kiongozi wa kurithi na kiongozi wa kutazamwa.

Meza ya watu watatu

Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kwa karibu miaka 20 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Wa kwanza wawili, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Mwaka 1955, wakati wa Gavana Edward Twining, serikali ilileta mpango wa usawa wa mataifa: wajumbe 10 Waafrika, 10 Waasia na 10 Wazungu.

Usawa huo ulikuwa wa jina. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu. Ni kama baba agawe chungu cha wali mafungu matatu sawasawa, fungu moja ampe mtoto mmoja, na fungu jingine awape watoto mia nne wagawane, kisha aseme ametenda haki kwa sababu mafungu yamelingana.

Ulipofika uchaguzi mpango ule uliendelea. Kila jimbo lilitoa wajumbe watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Na kila mpiga kura alitakiwa apige kura tatu, moja kwa kila kundi. Aliyemchagua Mwafrika peke yake, akaacha nafasi mbili nyingine wazi, karatasi yake iliharibika. Watu waliuita utaratibu huo kura tatu.

Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga. Ilimpasa awe na miaka 21 au zaidi, na pamoja na hayo awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo maalumu kilichotambuliwa na serikali. Wapendwa, pimeni masharti hayo kwa maisha ya hapa kwetu miaka ile. Mvuvi hakuwa na shilingi 3,000. Mkulima wa mpunga hakuwa nazo. Vijana wengi walikuwa wamekwenda Wenela, kwenye migodi ya Afrika Kusini, au Lupa kwenye dhahabu. Wanawake hawakukatazwa na sheria, lakini ni wangapi waliokuwa wamefika darasa la nane? Waliobaki ni walimu, makarani, wachungaji na wafanyabiashara wachache, wengi wao watoto wa shule za misheni. Kwa nchi nzima walioandikishwa walikuwa karibu 60,000, yaani mtu mmoja katika kila watu 140 hivi, ukihesabu wakubwa kwa wadogo.

Je, tuingie au tusiingie?

Hapo ndipo palipokuwa na swali zito, nalo ni swali la dhamiri. Je, ni halali mtu mwenye haki kushiriki katika utaratibu usio wa haki? Ukiingia, si umekubali? Ukikaa nje, si umemwachia mwingine nafasi?

Chama cha TANU, kilichoanzishwa Julai 7, 1954, kilikutana Tabora mwezi Januari 1958 kujibu swali hilo. Wajumbe wengi walifika wakiwa na nia ya kuususia uchaguzi, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwezi mmoja tu kabla yake alikuwa amejiuzulu ujumbe wa kuteuliwa katika Baraza, alisimama upande wa kushiriki. Hoja ilikuwa kwamba TANU ikisusa, viti vyote vitakwenda kwa chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kwa kuungwa mkono na Gavana, na mpango wa mafungu matatu utapata miguu ya kusimamia. Mjadala ulikuwa mkali. Mwishowe mkutano ulikubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka akaanzisha chama chake, African National Congress.

Tukiwa watu wa Biblia, mkutano ule unatukumbusha mfano wa Yothamu katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9. Miti ilitaka kujipatia mfalme. Mzeituni ulikataa kwa sababu ya mafuta yake, mtini ukakataa kwa sababu ya utamu wake, mzabibu ukakataa kwa sababu ya divai yake. Kila mti mwema ulikuwa na sababu nzuri ya kukataa. Mwishowe ufalme ukaenda kwa mti wa miiba, usio na kivuli cha kumfaa mtu. Mara nyingi tumeusoma mfano huu kama onyo kwa wanaopenda madaraka. Lakini ni onyo pia kwa wanaokataa wajibu ili mikono yao ibaki safi.

Wala hatusemi kwamba Mtemvu alikuwa mtu mbaya. Mtu anaweza kuona dhuluma ile ile, akaichukia kwa kiasi kile kile, akafika kwenye uamuzi tofauti. Kanisani pia tumewahi kuwa hivyo, na hatukuacha kuitana ndugu.

Kura zilipohesabiwa

Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili. Majimbo matano yalipiga kura Septemba 1958, na jimbo letu lilikuwa mojawapo. Matano mengine yalipiga Februari 1959. Kwetu ulikuwa wakati wa kiangazi, mpunga ulishavunwa na njia za tambarare zilikuwa kavu. Ingekuwa Aprili, mito ikiwa imefurika, mpiga kura wa huku asingefika kituoni bila mtumbwi.

Katika Nyanda za Juu za Kusini, kiti cha Mwafrika kilichukuliwa na John Mwakangale wa TANU, mtu wa huku kwetu Rungwe. Kiti cha Mzungu kilichukuliwa na Lady Marion Chesham. Mama huyu alizaliwa Marekani, aliolewa na bwana wa Kiingereza, na baada ya kufiwa na mumewe alibaki akiishi katika nyanda za juu. TANU wakati ule haikuandikisha wanachama wasio Waafrika, lakini iliwaunga mkono wagombea Wazungu na Waasia walioamini kwamba nchi hii ni ya watu wake wote. Lady Chesham alikuwa mmoja wao. UTP, pamoja na msaada wote iliokuwa nao, ilishindwa vibaya katika nchi nzima.

Tuangalie vizuri kilichotokea hapa. Kura tatu ziliwekwa ili kila kundi libaki kwenye fungu lake. Lakini kwa kuwa kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua pia Mzungu na Mwasia, Mwafrika mwenye kura alipewa, bila aliyempa kukusudia, haki ya kumpima Mzungu. Mwalimu wa shule ya misheni, ambaye juma zima alimwita Mzungu "bwana mkubwa", siku ile alikaa peke yake na karatasi akauliza: katika hawa, ni yupi anayempenda jirani yake? Akamchagua mwanamke Mzungu asiye wa lugha yake wala wa ukoo wake, kwa sababu ya msimamo wake.

Hapo ndipo tunapoona mkono wa Mungu. Yusufu aliwaambia ndugu zake kwamba walimkusudia mabaya, lakini Mungu aliyageuza yakawa mema ya kuokoa watu wengi. Sheria ya kura tatu haikuwa njema, wala hatuipambi leo. Ilikuwa dhuluma, nayo ilifutwa kwa haki. Lakini ndani yake wazee wetu walijifunza kumchagua mtu kwa matendo yake, wakati sheria yenyewe iliwataka wamhesabu kwa rangi yake. Mwezi Oktoba mwaka uleule Gavana mpya, Richard Turnbull, alilitangazia Baraza kwamba usawa wa mafungu matatu hautakuwa wa kudumu.

Ng'ambo ya Songwe

Ili tuone uzito wa neema hiyo, tutazame ng'ambo ya Mto Songwe. Wangonde wa Karonga ni ndugu zetu. Tunasikilizana lugha na tunaoana. Mpaka wa Songwe uliwekwa mwaka 1890 na Waingereza na Wajerumani, watu ambao hawakuwahi kuuliza nani ni shemeji ya nani. Kwao, Nyasaland, watu walikuwa wameingizwa katika Shirikisho la Afrika ya Kati pasipo ridhaa yao.

Februari 1959, mwezi uleule awamu ya pili ya uchaguzi wa Tanganyika ilipofanyika, machafuko yaliifikia Karonga. Tarehe 3 Machi serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na viongozi wa watu wakakamatwa usiku. Siku hiyohiyo huko Nkhata Bay, kwenye ufukwe wa ziwa hilihili, watu 20 waliuawa kwa risasi. Waliokufa nchini kote katika hali ile ya hatari walikuwa 51. Tume ya Jaji Devlin, iliyotumwa na Waingereza wenyewe, ilisema kwamba Nyasaland ilikuwa nchi inayotawaliwa kipolisi.

Ziwa ni moja, na samaki hawajui mpaka. Lakini mwaka ule upande mmoja ulihesabu kura na upande mwingine ulihesabu maiti. Hatukupata amani yetu kwa sababu tulikuwa wema kuliko Wangonde. Tulipewa, na aliyepewa hudaiwa.

Jimbo linakufa, nchi inazaliwa

Jimbo kubwa la Nyanda za Juu za Kusini halikuishi miaka miwili. Uchaguzi wa Agosti 1960 uliigawa nchi katika majimbo 50, yenye jumla ya viti 71. Masharti yalilegezwa: aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliweza kuandikishwa. Daftari la wapiga kura lilipanda kutoka karibu 60,000 hadi zaidi ya 885,000. Hata hivyo wengi wao hawakupiga kura, kwa sababu viti 58 vilipata mgombea mmoja tu. TANU ilipata viti 70, na kimoja, cha Mbulu, kilikwenda kwa mgombea binafsi. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Mwezi mmoja baadaye, Januari 1962, mgeni kutoka Afrika Kusini aliingia Mbeya kwa siri. Mbunge aliyetajwa kwake kuwa mwenyeji wake alikuwa huyuhuyu John Mwakangale. Mgeni alikuwa Nelson Mandela. Baadaye alisimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alipofika hoteli ya Mbeya aliwaona weusi na weupe wamekaa barazani wakizungumza pamoja, na kwamba hapo alijisikia mtu huru kwa mara ya kwanza. Kura za watu wachache wenye darasa la nane zilisaidia kuiandaa ile baraza.

Mwaka 1965 nchi ilianza uchaguzi wa chama kimoja, wagombea wawili katika kila jimbo, mmoja alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua kwa siri. Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa tena. Leo tuna Jimbo la Kyela, dogo, la kwetu, na kila mwenye miaka 18 ana haki ya kura bila kuulizwa shilingi wala darasa.

Amana tuliyoachiwa

Sasa turudi kwenye lile swali letu: "Huyu ametuletea nini?"

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Kilo ya sukari, kitenge, sahani ya pilau, vyote vikapata jina la heshima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kifungu kilifutika, lakini mazoea hayakufutika siku hiyo. Nasi wa kanisani hatuwezi kusimama pembeni tukanyoosha kidole.

Tunaungama hapa mbele ya wasomaji. Katika mwaka mmoja wa uchaguzi, mtu mmoja aliyekuwa akitafuta nafasi alikuja kwenye ibada yetu na ahadi ya mabati. Paa letu lilikuwa linavuja kweli. Tulimpa nafasi ya kusalimu, na salamu ikawa hotuba. Tulipiga makofi ndani ya nyumba ya Bwana. Hakuna aliyemuuliza ana msimamo gani juu ya jambo lolote. Mabati yalikuja nusu, na tuliposhona mifuko kuziba sehemu iliyobaki tulijua kwamba tulichouza kilikuwa ghali kuliko paa.

Mzee aliyepiga kura mwaka 1958 alijua kwamba nyuma yake wako watu 140 wasio na kura: mama yake, mkewe, kaka aliyeko Wenela, jirani mvuvi. Kura yake haikuwa yake peke yake; aliibeba kwa niaba yao, na asingethubutu kuwarudia na kuwaambia ameibadilisha kwa sukari. Sisi leo tunadhani kwamba kwa kuwa kila mtu ana yake, basi kila mtu aifanye atakavyo. Lakini bado wako wasio na kura nyuma yetu. Wako watoto wa shule ya Jumapili. Wako wagonjwa wasioweza kufika kituoni. Wako ambao hawajazaliwa.

Musa alipolemewa, mkwewe Yethro alimshauri achague watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Yethro alikuwa mgeni, Mmidiani, si wa ukoo wa Israeli, na Musa alimsikiliza. Ukilitazama shauri lile, halina kabila ndani yake wala zawadi. Wazee wetu waliposoma majina kwenye karatasi ya kura tatu walikuwa na Biblia hiyohiyo tuliyo nayo.

Baada ya aibu ile ya mabati, wazee wa kanisa walikaa wakakubaliana mambo matatu, nasi tunayaandika ili wengine wakiona vema wayachukue. Mgombea yeyote anakaribishwa ibadani kama mwenye dhambi mwingine yeyote, naye atakaa kwenye benchi, si mimbarini. Sadaka ya mgombea itapokelewa kwenye kapu pamoja na za wengine, bila kutangazwa jina wala kiasi. Na Jumapili ya mwisho kabla ya kura tutasoma Kutoka sura ya 18, kisha tutanyamaza dakika chache, kila mtu na dhamiri yake.

Paa tulilimalizia wenyewe, kwa mpunga wa washarika, debe kwa debe. Lilichukua misimu miwili.